Ubao wa Mia Mbili

Alama ya X waliichora Jumatatu,
rangi nyekundu, kwenye nguzo ya kibaraza
ambapo cherehani yangu imekaa miaka kumi na tisa.
Kijana aliyeshika kopo hakunitazama.
"Mita mbili na nusu, mama. Hifadhi ya barabara."
Kana kwamba ananipimia kitambaa.

Mita mbili na nusu naijua:
ni gauni la kitenge, mikono mifupi,
na kilemba kikibahatika.

Wiki ya pili mtambo ukaingia Mwanga.
Ulianza kwenye duka la mawese la Bitariho,
ukashuka kama unaowahi treni,
nyuma yake ukaacha mtaro
unaommeza mtu hadi kifuani.
Duka langu likabaki ng'ambo.
Bomba lilipasuka; siku nne tukanunua maji kwa ndoo,
na watoto wa shule wakaoga mtaroni
wakafika mstarini wekundu mpaka kope.

Vumbi lile!
Likishika pindo
halisikii sabuni wala dua.
Shela la bi harusi wa Katonga nililishonea ndani ya chandarua,
mimi, taa na cherehani, kama wagonjwa watatu.
Alipokuja kulijaribu
shingoni lilikuwa na rangi ya chai.
Hakulipa. Sikumdai.

Ndipo Buchumi, mtoto wa fundi baiskeli,
akaleta ubao, akaulaza juu ya mtaro,
akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa:
kupita mia mbili,
mwenye mzigo mia tatu,
mjamzito bure, lakini aonekane.
Wateja wangu wakapiga hesabu.
Kukunja suruali elfu moja,
kwenda na kurudi mia nne.
Suruali zao zikaenda kukunjwa Ujiji.

Ng'ambo ya pili Sikitu alinenepa sufuria.
Kutoka kilo mbili za mchele hadi tisa,
migebuka ikapangwa mezani kama matofali.
Vibarua walikula kwa daftari. Majina hakuyajua,
aliandika: Kofia Njano. Mrefu wa Greda.
Yule Anayecheka. Yule Anayecheka, na soda.
Mwezi ukaisha, mkandarasi hajalipwa,
naye hakulipa.
Asubuhi moja kambi ilikuwa nyasi zilizolala,
na Sikitu ameshika daftari la watu wasio na majina.

Mimi siwezi kujitoa.
Kabla hawajaondoka, msimamizi aliniletea
fulana arobaini za kung'aa, zipu zimekufa.
Elfu moja mia tano kila moja, taslimu.
Nilizishona usiku na mchana.
Ada ya Hidaya ya muhula ule
ilitoka kwenye migongo ya walionivunjia kibaraza.
Nikiwalaani, nalaani daftari zake.
Basi nikanyamaza.

Wakaja wengine, wakamaliza.
Lami nyeusi, laini, ina jasho mchana.
Taa zilipowashwa tulitoka wote kuitazama,
tumesimama pembeni, mikono nyuma,
kama tuliofika kwenye harusi ya watu.
Bodaboda zikapita hata breki hazigusi.
Nzuri. Kusema kweli ni nzuri.

Mwenye nyumba, Ruhomvya, alikuja akitembea katikati yake
na viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope.
Kodi ilikuwa themanini, sasa laki na nusu.
"Barabara imekufikia mlangoni, mama Hidaya."
Nikamwambia najua ilipofika,
mimi ndiye niliyeipisha.

Sasa niko uchochoroni, nyuma ya mashine ya kusaga,
ambako lami haijui kwamba tupo.
Ubao nimeununua. Buchumi alitaka elfu sita,
nikampa nne na kaptula.
Ndiyo meza yangu ya kukatia.
Nimeusugua kwa msasa, lakini visigino vya watu havitoki,
na penye tundu la msumari
mkasi hukwama kila siku,
nami nasimama kidogo,
kama mtu anayepapasa mfukoni
kutafuta mia mbili.